Saratani ya titi ikirudi na majibu hayajatoka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilipatikana na saratani ya titi la kushoto mwaka 2017. Nikakatwa titi, nikapigwa kemo, nikachomwa miale, nikaanza kumeza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isilishe saratani. Mwaka 2023, nikiwa naoga, nikagusa kipunje kigumu kama harage kando ya kovu. Tangu hapo nambari yangu imezunguka Nairobi kutoka simu moja hadi nyingine, na wanawake hunipigia, wengi wakiwa wangali kwenye benchi la hospitali. Maswali ni yale yale. Nimeyajibu hapa kwa kirefu kwa sababu kwenye simu mtu hulia, na salio huisha kabla hatujafika popote. Mimi si daktari. Ninayoyajua ni ya mgonjwa aliyesubiri sana.

Daktari amesema "imerudi". Ina maana gani hasa?

Ina maana kuwa chembe za ile saratani ya kwanza zilibaki mwilini baada ya matibabu, chache mno hata skani isizione, zikalala, kisha zikaamka. Swali la kumrudishia daktari ni moja: imerudi wapi? Ikiwa ni kwenye titi lile lile au kwenye kovu, imerudi mahali pake. Ikiwa ni kwenye tezi za kwapani au juu ya mtulinga, imesogea jirani. Ikiwa ni kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, imesafiri. Hizo mbili za kwanza mara nyingi hutibiwa kwa nia ya kuimaliza. Iliyosafiri hutibiwa kwa nia ya kuidhibiti ili mtu aishi nayo, na wapo wanaoishi nayo miaka.

Hata ikiwa mfupani, bado ni saratani ya titi. Wengi huniambia "sasa nina kansa ya mifupa", nami huwasahihisha palepale, kwa kuwa dawa watakazopewa ni za saratani ya titi. Uvimbe kwenye titi la pili nao ni hadithi nyingine: mara nyingi huwa ni saratani mpya kabisa, si ile ya zamani.

Nilikosea wapi?

Hukukosea. Najua jirani ameshakuuliza kama ulirudia sukari, shangazi ameuliza kama uliacha maombi, na wewe mwenyewe usiku unahesabu chapati ulizokula. Mimi nilijilaumu kwa gunia la viazi nililobeba soko la Wakulima, eti ndilo lililoamsha kovu. Saratani hairudi kwa sababu ya gunia.

Inategemea zaidi aina yake na ilikuwa imefika wapi mara ya kwanza. Saratani inayolishwa na homoni huweza kulala miaka 10, hata 20, ndipo iamke. Ile isiyo na kipokezi (yaani mlango wa chembe unaopokea kinachoikuza) chochote kati ya vitatu vinavyopimwa hupenda kurudi katika miaka michache ya mwanzo, na mtu akivuka mitano hatari hushuka sana.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima ulitoe wazi kwa daktari: kama uliacha vidonge. Wanawake wengi huacha tamoksifeni kwa sababu ya joto la ghafla usiku, viungo kuuma, au kwa sababu mwezi huo karo ya shule ilikula pesa ya dawa. Hakuna aibu hapo. Daktari akidhani ulikuwa unameza kila siku, ataamua kwamba dawa imeshindwa na kuiweka kando, kumbe hukuimeza. Mwambie tu: "Daktari, niliacha mwezi wa tano." Atapanga upya akijua ukweli.

Skani imeshaonyesha. Mbona nitolewe tena kipande kidogo cha nyama cha kupimwa (biopsi)?

Skani huonyesha kivuli. Haiwezi kuapa kivuli ni cha nini. Yapo makovu na maambukizi yanayong'aa kwenye skani kama saratani. Pia saratani inaporudi huweza kuwa imebadilika tabia. Iliyokuwa inalishwa na homoni huenda isilishwe tena, na ile isiyokuwa na HER2, kile kipokezi cha tatu kisicho cha homoni, huenda sasa inayo. Ukitibiwa kwa ripoti ya mwaka 2017 pekee, huenda unapewa dawa ya mlango ambao haupo tena.

Na hapana, sindano ya kutoa kinyama haitawanyi saratani mwilini. Hili la "kansa ikiguswa na chuma inasambaa" limewaweka wanawake wengi nyumbani mpaka titi likapasuka. Naumia kila ninapolisikia.

Kwa nini majibu yanachukua muda mrefu hivyo?

Nilipoelezwa safari ya kile kinyama, hofu yangu ilipungua nusu. Kwa hiyo nitakueleza yote.

Kinatoka chembamba kama kipande cha uzi wa viatu uliochakaa, urefu wa sentimita moja au mbili. Kinatumbukizwa kwenye chupa ya fomalini. Humo lazima kikae angalau saa 6, na kisizidi saa 72, ili kisioze na vipimo vya baadaye visiharibike. Kikitoka humo kinakaushwa maji kwa pombe kali ya maabara, kinajazwa nta ya moto, kinaganda kuwa kibonge kidogo. Mtaalamu anakichana kibonge hicho kwa wembe wa mashine vipande vyembamba kuliko unywele, anavibandika kwenye kioo, anavitia rangi ya zambarau na ya waridi. Ndipo daktari wa patholojia anapoinama kwenye darubini. Kama kinyama kimetoka mfupani, kama changu cha pili, kuna kazi ya ziada: mfupa lazima ulainishwe kwanza ndipo ukatike.

Hapo inatoka ripoti ya kwanza, inayosema ni saratani au si saratani. Kuna ya pili, na hii ndiyo watu hawaambiwi. Vipande vingine vya kibonge kile kile hutiwa dawa za kutafuta vipokezi: viwili vya homoni, na HER2. Palipo na kipokezi hugeuka kahawia. HER2 hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Ikiwa 3+ inahesabiwa ipo. Ikiwa 2+ hakuna anayejua bado, na kibonge hupelekwa kwenye kipimo kingine kinachohesabu jeni yenyewe, na mara nyingi hiyo huwa ni maabara nyingine na pesa nyingine.

Sasa la kwangu. Nilipewa ripoti ya kwanza, nikaenda nyumbani kusubiri ya pili. Siku zikapita, nikawa najiambia wakichelewa hivi basi ni mbaya sana, wanaogopa kuniambia. Wiki ya tatu nikaenda mwenyewe dirishani. Kijana wa maabara akafungua kitabu, akapitisha kidole, akasema: "Mama, hiki hakijaanza. Kinasubiri malipo." Hospitali ile haikuwa imeniambia kuwa ripoti ya pili hulipiwa peke yake. Kibonge changu kilikuwa kimekaa kwenye droo, nami nimekaa kitandani nikijizika. Tangu siku hiyo namwambia kila anayenipigia: majibu kuchelewa hakusemi chochote kuhusu majibu yenyewe.

Nisubiri siku ngapi ndipo niulize?

Uliza siku ile ile unayotolewa kinyama, kabla hujavaa viatu. Maswali matano: kinaenda maabara gani, ripoti ni ngapi, zote zimelipiwa au kuna inayosubiri pesa au kibali, zinatarajiwa tarehe gani, na nikija nimuulize nani kwa jina. Andika kwenye daftari. Piga picha ile nambari ya maabara iliyo kwenye risiti, kwa sababu risiti hupotea na bila nambari utaambiwa urudi kesho. Tarehe ikipita, nenda asubuhi inayofuata. Si usumbufu. Masista wazuri hupenda mgonjwa anayejua nambari yake.

Majibu yakiwa kwenye bahasha, niifungue mwenyewe?

Ni yako. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, na kila inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Hakuna anayekukataza kusoma.

Ila ngoja nikueleze nilivyofanya mimi. Nairobi mgonjwa mara nyingi ndiye tarishi: unachukua bahasha ya kaki dirishani, unaipeleka mwenyewe kwa daktari ambaye utamwona baada ya siku kadhaa. Nilipanda matatu, nikaketi dirishani, bahasha mapajani, imefungwa kwa pini mbili. Nilivumilia vituo vitatu. Pini ya pili ikanichoma kidole, damu ikaingia kwenye karatasi. Kurasa mbili za maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyaona, nikaanza kuyatafuta moja moja kwenye simu. Nilichosoma kwenye simu kilikuwa cha watu wengine, wa aina nyingine, wa miaka mingine. Kondakta alikuja kunigusa bega: "Mamangu, tumefika mwisho wa gari." Nilikuwa nimepitisha nyumbani kwangu kitambo.

Maoni yangu: fungua, lakini usifungue peke yako, wala usifungue Ijumaa jioni wakati humpati daktari hadi Jumatatu. Kama daktari yuko siku mbili zijazo na una nguvu ya kungoja, ngojea. Karatasi haijibu maswali.

Usiku silali kabisa. Nifanye nini?

Saa tisa za usiku ndizo mbaya kuliko zote. Mchana kuna watoto na kelele za mtaa, lakini saa tisa unabaki wewe na kovu lako, mkono unakwenda kwapani wenyewe, unabonyeza, unabonyeza tena. Kubonyeza kila saa hufanya ngozi iume, nawe unayachukulia maumivu hayo kuwa dalili mpya. Jipe siku moja kwa mwezi ya kujipapasa. Zilizobaki mkono ukae nje ya nguo.

Kilichonisaidia mimi ni daftari lile lile. Wazo likija nawasha taa, naliandika hata kama ni la kijinga, naandika pembeni "la kumuuliza daktari" au "la kulia tu". Ya kulia nayalia kesho yake jioni, saa kumi na mbili, nikichambua mboga. Simu naiacha sebuleni. Kuna mwenzangu wa Kariobangi yeye huamka akaloweka maharagwe, akayahesabu. Usimeze vidonge vya usingizi vya jirani. Mwambie daktari wako hulali, ni jambo la kutibiwa kama mengine.

Na zungumza na mtu aliyesomea kazi hiyo. Faraja Cancer Support Trust, hapa Nairobi, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa saratani tangu 2010, na ushauri nasaha kwao ni bure. Shirika la Msalaba Mwekundu lina nambari ya bure, 1199, unapiga tu. Kama umefika mahali unawaza ni heri ufe kabla majibu hayajaja, usilale na wazo hilo hata usiku mmoja. Liseme leo, kwa mtu aliye karibu, kwa maneno hayo hayo.

Nimwambie nani kabla majibu hayajatoka?

Wachache. Chagua mmoja awe msemaji wako, dada, mume au rafiki, na wote wengine wamuulize yeye. Usipofanya hivyo, kundi la familia kwenye WhatsApp litakuwa limefungua harambee na kuchagua mwekahazina kabla daktari hajasema neno.

Mamangu nilitaka kumficha. Nikapiga simu kijijini kusema habari za mvua, akanikatiza: "Mwanangu, sauti yako ina kitu. Sema." Nikamwambia, "Mama, wamenitoa kinyama tena, sijui bado ni nini." Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi tusijue pamoja." Hajawahi kuniambia neno lililonisaidia zaidi ya hilo.

Watoto huhisi. Mtoto wa miaka saba haambiwi yote, lakini asidanganywe. "Mama anapimwa. Tukijua nitakuambia. Hukufanya kosa lolote, na ugonjwa huu hauambukizi." Ukitimiza hilo la "nitakuambia", atalala.

Pesa na SHA?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Kama hujajisajili, bonyeza *147# leo, si siku ya kemo. Fedha za saratani ni za kaya nzima kwa mwaka, kwa hiyo kabla ya kila skani nenda ofisi ya SHA ya hospitali uulize: kipimo hiki kinatoka kwenye fungu gani, na limebaki shilingi ngapi? Skani ikiwa inahitaji kibali, hakikisha kimeombwa, maana kibali nacho husahaulika kwenye kompyuta kama kibonge kwenye droo. Wenye HER2 waulize kuhusu Herceptin, dawa inayolenga kipokezi hicho: mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zilikubaliana bei ya shilingi 40,000 kwa kila dozi, ilipwe na SHA katika hospitali zilizoteuliwa. Kwenye hospitali za umma, afisa wa ustawi wa jamii ndiye wa kumwona kama umekwama kabisa.

Najitayarishaje kwa skani?

Ya mifupa: unadungwa dawa, unasubiri saa mbili hadi nne iingie mifupani, ndipo unapigwa picha. Beba maji, chakula na sweta. Ya PET, ile ya kudungwa sukari yenye mionzi, unafunga kula kama saa 6, na sukari yako hupimwa kwanza. Wenye kisukari wapige simu mapema waelekezwe. Dawa ya PET hupungua nguvu nusu kila dakika 110, kwa hiyo ukichelewa kwa sababu ya foleni ya magari haikungoji. Kama skani yako iko hospitali ya Kenyatta University, kule Kahawa, nawe unatoka Rongai, upande wa pili wa jiji, toka kukiwa giza. Ya CT yenye dawa ya mshipa huhitaji kipimo cha figo kwanza. Sema kama una mzio, au kama unameza metformini.

Naweza kutumia mitishamba wakati nasubiri?

Mwambie daktari unachokunywa, na usiache dawa zako kwa ajili yake. Baadhi ya mitishamba huumiza ini, na ini likiumia kemo huahirishwa.

Ni dalili gani nisizisubirie majibu?

Miguu kulegea au kufa ganzi, hasa ukiwa na maumivu ya mgongo, au mkojo na choo kukutoka bila kujua: hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Uti wa mgongo ukibanwa, saa chache huamua kama utatembea. Vivyo hivyo pumzi kukata, degedege, kuchanganyikiwa ghafla, na homa ya nyuzi 38 au zaidi kama uko kwenye kemo. Sema neno hili mlangoni: "Nina saratani ya titi iliyorudi." Usingoje foleni ikufikie.

Nimeandikiwa niende kliniki ya tiba shufaa. Wameniacha?

Hapana. Kazi yao ni maumivu, usingizi, kichefuchefu na hofu, na huifanya pamoja na kemo. Nairobi Hospice ipo tangu 1990, kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta. Mimi nilikataa miezi minne kwa sababu ya jina "hospisi", nikawa nalala nimeketi kwa maumivu ya nyonga. Nilipokwenda walinipa mofini ya maji nimeze kwa vipimo vya saa, nami nikachomwa miale mara moja tu kwenye mfupa ule. Wiki chache baadaye nilipanda ngazi za nyumba yangu bila kushika ukuta. Miezi minne ile nairudishaje?

Wakisema haijarudi?

Utalia, na hutaelewa kwa nini. Uliza basi ni nini kile kilichoonekana, na lini kitaangaliwa tena. Andika tarehe.

Siku ya majibu niende na nini?

Mtu mmoja anayejua kuandika haraka, maana baada ya sentensi ya kwanza wewe hutasikia. Daftari. Ripoti zote za zamani, hata zilizochanika. Orodha ya dawa. Uliza: imerudi wapi, vipokezi vyote vitatu vimesemaje, nia ya matibabu ni kumaliza au kudhibiti, tunaanza na nini na tutajuaje kinafanya kazi, na nikizidiwa usiku nampigia nani. Usitoke mpaka la mwisho limejibiwa kwa nambari ya simu.

Na wewe unaendeleaje?

Yangu ilikuwa kwenye kovu na kwenye mfupa wa nyonga. Bado inalishwa na homoni, kwa hiyo nameza letrozoli, kidonge cha kupunguza homoni, kila asubuhi na chai, na kila miezi mitatu nachomwa dawa ya mifupa mkononi. Skani iliyopita ilikuwa imetulia. Nilipigwa nyingine Alhamisi iliyopita. Majibu ni Jumanne. Nambari ya maabara ninayo, nimelipia yote, na dirishani nitamuuliza yule yule kijana wa kitabu. Mamangu amepiga asubuhi, tumeongea habari za mvua.